Saa ya mkononi inajua ulichokula?

Swali: Wataalamu, habari za kazi. Saa yangu janja hutuma mapigo ya moyo kwenye programu ya simu, na programu hunipangia chakula: "leo punguza wanga." Imejuaje? Inaona sukari kwenye damu?

Jibu: Haioni. Inachoona ni mwanga tu. Taa za kijani zilizo chini ya saa humulika ngozi, damu inayopita hunyonya sehemu ya mwanga huo, na kihisi hufuatilia mwanga unaorudi ukipanda na kushuka. Hapo saa hupata mambo mawili: kasi ya mapigo, na mwanya kati ya pigo na pigo. Hata ukiwa umetulia kabisa, mianya hiyo hailingani, kwa sababu neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, huushika moyo breki na kuuachia kila unapopumua.

Ukila, damu nyingi huelekea tumboni, moyo huongeza mapigo kadhaa kwa dakika, na mianya hukaribiana kwa urefu. Mlo ukiwa mkubwa, mabadiliko huwa makubwa na huchukua muda zaidi. Tatizo ni kwamba usingizi mbovu, homa, upungufu wa maji, hasira na pombe ya jana usiku huacha alama zinazofanana na hizo. Akili mnemba ya programu inachofanya ni kuoanisha alama na kumbukumbu ulizoandika. Usipoandika ulichokula, inabahatisha.

Utafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israel uliochapishwa mwaka 2015, unaotajwa sana katika fani hii, ulifuatilia watu 800 na milo zaidi ya 46,000. Lakini washiriki walivaa vipima sukari mfululizo, na vijidudu vya utumbo wao vikachunguzwa. Anayekuuzia programu ya mapigo peke yake kwa sifa za utafiti ule anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Swali: Natumia mkanda wa kifuani wa kupima mapigo. Jana RMSSD yangu ilikuwa 44, leo ni 814! Moyo wangu una nini?

Jibu: RMSSD ni kipimo cha jinsi mianya kati ya mapigo inavyotofautiana, kwa milisekunde. Inaelekea zaidi kwamba mkanda umeruka mapigo. Tufanye hesabu. Chukua mianya minne, kwa milisekunde: 812, 845, 790, 830. Tofauti za jirani kwa jirani ni 33, 55 na 40. Zipige kila moja kwa yenyewe, tafuta wastani, kisha kipeuo cha pili chake: unapata takriban 44. Sasa mkanda ukose pigo lililo kati ya 845 na 790. Mianya hiyo miwili inaungana kuwa 1,635, na tofauti zinakuwa 823 na 805. Jibu: takriban 814. Pigo moja tu limeharibu kila kitu, kwa kuwa kipimo hiki hukuza kosa kwa kulizidisha kwa lenyewe.

Lowesha elektrodi, yaani sehemu za mkanda zinazogusa ngozi, kwa maji kabla ya kuvaa, kaza mkanda chini kidogo ya misuli ya kifua, na usiongee wakati wa kupima. Washa kichujio cha programu kinachotupa mwanya unaopishana na jirani zake kwa zaidi ya asilimia 20. Kikitupa zaidi ya asilimia 5 ya mapigo, futa kipimo urudie. Ikiwa mkanda umekaa vizuri na mapigo bado yanarukaruka siku hata siku, au unapata kizunguzungu au maumivu ya kifua, nenda ukapimwe umeme wa moyo hospitali.

Swali: Nitajuaje ni kifungua kinywa kipi kinanifaa?

Jibu: Linganisha milo miwili, usilinganishe kumi. Tuseme A ni gramu 60 za shayiri kavu na mililita 250 za maziwa. B ni mayai mawili na gramu 60 za mkate. Vipime kwa mizani, maana macho hudanganya. Kula kila mlo mara nne kwa kupokezana, siku nane, saa ile ile, bila kahawa.

Kaa kwenye kiti dakika 10, pima dakika 5, kisha kula. Pima tena ukiwa umekaa vilevile baada ya dakika 30, 60, 90 na 120. Ukisimama tu, mapigo hupanda na mlo husingiziwa. Andika mabadiliko kutoka kipimo cha kabla ya kula cha siku hiyo hiyo. Ikiwa siku nne za mlo A zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe zaidi kuliko A inavyotofautiana na B, huna jibu bado.

Wala mlo usiopandisha mapigo si lazima uwe bora. Kwa kigezo hicho maji matupu yangeshinda kila chakula. Kipimo hiki kinaonyesha mzigo wa mmeng'enyo; hakisemi lolote kuhusu madini ya chuma, protini au nyuzinyuzi ulizopata.

Swali: Nimefundisha modeli ya akili mnemba itambue mlo mzito kutokana na mapigo yangu. Inapatia asilimia 95. Niamini?

Jibu: Unakula mlo mzito saa ngapi? Kama ni saa mbili usiku kila siku, modeli imejifunza saa, haikujifunza chakula. Badilisha muda wa milo kwa wiki mbili. Pia usichanganye vipande vya siku moja kwenye mafunzo na kwenye majaribio; tenga siku 14 za mwisho zisiguswe kabisa. Halafu ishindanishe na kanuni ya kijinga: "baada ya saa moja usiku, sema mzito." Ikishindwa hapo, itupe.

Swali: Na kalori ambazo saa inasema nimechoma, nizile?

Jibu: Hapana. Chuo Kikuu cha Stanford kilijaribu vifaa saba mwaka 2017. Sita vilipima mapigo kwa kosa la chini ya asilimia 5, lakini kwa kalori hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27.

Swali: Mama anatumia dawa za kupunguza kasi ya moyo na figo zake ni dhaifu. Programu inamshauri ale ndizi zaidi.

Jibu: Mwambie asiufuate ushauri huo. Dawa hizo hubadilisha mapigo yenyewe, hivyo programu inasoma dawa na kudhani ni chakula. Ndizi zina potasiamu, ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa, na ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Potasiamu nyingi huweza kuchongoa wimbi la T, yaani mwinuko unaofuata kila pigo kwenye mchoro wa umeme wa moyo, na zipo modeli za akili mnemba zilizofundishwa kuitambua humo. Mwanga wa saa hauchori wimbi hilo. Apimwe potasiamu ya damu, na daktari wake wa figo ndiye aseme ale ndizi ngapi.