Kisanduku cha Marehemu Baba

SWALI: Marehemu baba, aliyekuwa seremala, aliniachia kisanduku alichokiunda kwa mkono, ambacho chini ya kifuniko bado kina mistari yake ya penseli. Sasa kina vitundu vinavyomwaga unga laini. Je, nikianike juani, kisha nikipige msasa na vanishi?

JIBU: Pole kwa msiba. Unga huo ni dalili ya bungua, mdudu anayetoboa mbao, lakini jua kali huweza kuupasua ubao. Kifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ukiweke kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2 ili mdudu afe, kisha ukitoe na ukiache nje ya friza siku nzima kabla ya kuufungua mfuko, ili unyevu usitue juu ya mbao. Msasa, kwa maoni yangu, usiuguse: vanishi hununuliwa wakati wowote, ila mistari ile ikifutika, aliyeichora hayupo.