Maswali ya Wasomaji: Picha Inayokatika, Spika Zinazovuma na Kebo Zilizofukiwa Ukutani

Tumefunga projekta darasani. Kebo ya HDMI (ile inayopeleka picha na sauti) ya mita 20 imepita ndani ya ukuta hadi kwenye meza ya mwalimu. Kompyuta moja inaonyesha vizuri, ya pili picha inazimika na kuwaka kila baada ya sekunde chache, ya tatu haionyeshi kabisa. Fundi anasema projekta ni mbovu, tununue nyingine. Ni kweli? (Mwalimu wa taaluma)

Mwalimu, msinunue projekta. Ingekuwa mbovu, ingezisumbua kompyuta zote tatu. Mtuhumiwa wa kwanza ni ile kebo, kwa sababu mita 20 ni ndefu mno kwa kebo ya kawaida ya shaba.

Picha ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) yenye fremu 60 kwa sekunde hupitisha karibu gigabiti 4.5 kila sekunde. Ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160) kwa fremu hizo hizo inakaribia gigabiti 18. Kasi ikipanda, mawimbi hufifia upesi zaidi ndani ya shaba, na urefu ambao kebo inaweza kuuhimili hupungua. Kwa 4K, kebo ya shaba isiyo na kikuza mawimbi haifai kuaminiwa zaidi ya mita 5 hivi. Kwa 1080p, iliyo nene na nzuri inaweza kufika mita 10, pengine 15. Hapo ndipo kompyuta zenu zinapotofautiana. Kila kompyuta ikichomekwa husoma taarifa ziitwazo EDID, ambazo ni maelezo ya projekta kuhusu picha inazoweza kupokea, kisha huchagua. Kompyuta mpya huenda inachagua 4K kwa sababu projekta imesema inaipokea, ya zamani inabaki 1080p. Zaidi ya hapo, nguvu ya kutuma mawimbi hailingani kati ya kompyuta na kompyuta.

Kabla hamjabomoa ukuta, fanyeni majaribio mawili. Leteni ile kompyuta isiyoonyesha karibu na projekta, muiunganishe kwa kebo fupi ya mita 2. Ikionyesha, projekta imesalimika. Kisha rudini kwenye kebo ndefu, mshushe picha hadi 1920 kwa 1080, au hata 1280 kwa 720. Picha ikitulia, kosa ni la kebo na hamna haja ya kutafuta zaidi.

Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni kebo ya HDMI ya faiba, inayopitisha picha kwa mwanga badala ya shaba. Hii ina mwelekeo: ncha moja imeandikwa ya kutuma, nyingine ya kupokea, na ukiigeuza hupati kitu. Kebo hizi pia hula umeme kutoka kwenye tundu la HDMI lenyewe, na tundu hilo halilazimiki kutoa zaidi ya miliampea 55 kwa volti 5, hivyo kwenye baadhi ya kompyuta huyumba. Tiba ya pili, ambayo ndiyo tunayoipendekeza, ni kutumia kisambazaji na kipokezi cha HDBaseT, mfumo wa kupeleka picha mbali, vilivyounganishwa kwa waya wa mtandao wa Cat6. Vingi hufika mita 70 kwa 1080p na mita 40 kwa 4K, na vya daraja la juu hufika 100. Ncha ya waya wa Cat6 ikivunjika unakata na kubana nyingine dakika hiyo hiyo. Ncha ya HDMI ikivunjika ndani ya ukuta, umepoteza kebo nzima.

Ila HDBaseT ina masharti. Waya utoke kisambazaji hadi kipokezi moja kwa moja, usipite kwenye swichi ya mtandao, hata kama plagi zinafanana. Uwe wa shaba tupu, tena ule ambao kila uzi ni waya mmoja mzima. Waya wa aluminiamu uliopakwa shaba huuzwa sana na ndio chanzo cha malalamiko mengi. Ncha zote mbili zifuate mpangilio mmoja wa rangi, T568B. Na mkifungua ukuta, wekeni bomba la milimita 40, si 20, lenye kona za kupinda taratibu, na mwacheni kamba ndani yake. Atakayekuja kuvuta waya mwingine baada ya miaka mitano atawashukuru.

Darasa letu lina kina cha mita 8, na mwanafunzi wa nyuma kabisa anakaa mita 7.2 kutoka ukuta wa mbele. Skrini iwe na ukubwa gani, na projekta ikae wapi? (Mhasibu wa shule)

Anza na huyo mwanafunzi wa nyuma. Kwa maandishi ya kawaida ya somo, umbali wake usizidi mara 6 ya kimo cha picha. Gawanya 7.2 kwa 6, unapata kimo cha mita 1.2. Kwa projekta ya 16:10 (upana 16 kwa kimo 10), upana ni mita 1.92. Ikiwa mtaonyesha majedwali yenye tarakimu ndogo ndogo, gawanyeni kwa 4. Kimo kinakuwa mita 1.8, na dari nyingi haziruhusu. Suluhisho hapo ni kukuza herufi au kuongeza skrini ya pili katikati ya chumba. Ukingo wa chini wa picha uwe kama mita 1.2 juu ya sakafu, vinginevyo vichwa vya waliokaa mbele vitaufunika.

Sasa projekta. Kwenye karatasi ya vipimo vyake tafuta uwiano wa urushaji, yaani umbali wa lenzi hadi skrini uliogawanywa kwa upana wa picha. Ukiwa 1.5, zidisha kwa 1.92: lenzi ikae mita 2.88 kutoka kwenye skrini. Projekta nyingi zina masafa, tuseme 1.4 hadi 1.7, na hapo unaweza kuchagua popote kati ya mita 2.7 na 3.26. Pima kutoka kwenye lenzi, usipime kutoka nyuma ya sanduku la projekta. Piga hesabu hii kabla ya kununua, maana projekta ya uwiano wa 1.5 haitageuka kuwa ya 0.5 kwa sababu boriti imekaa mahali pabaya.

Mwanga nao una hesabu yake. Picha ya mita 1.92 kwa 1.2 ina eneo la mita za mraba 2.3. Projekta ya lumeni 3500 (kiasi cha mwanga inaotoa) itatoa hapo karibu luksi 1500 (lumeni kwa kila mita ya mraba). Taa za darasa zikiangushia skrini luksi 300, sehemu nyeupe ya picha itang'aa mara 6 tu ya sehemu nyeusi: maandishi yatasomeka, lakini picha za rangi zitapauka. Shusha mwanga huo hadi luksi 100 na utapata mara 16. Ndiyo sababu safu ya taa iliyo karibu na ubao lazima iwe na swichi yake peke yake. Fedha ya kuongeza lumeni mara nyingi ingetosha kumlipa fundi umeme atenganishe safu hiyo, na matokeo yangekuwa bora.

Msitegemee kitufe cha Keystone kunyoosha picha iliyopinda. Kinafanya hivyo kwa kuzibana pikseli, na herufi ndogo zinapoteza makali. Inyoosheni projekta yenyewe. Nguzo yake ifungwe kwenye zege au boriti kwa bolti za kutanuka, kamwe isifungwe kwenye silingi bodi, na iwe na waya wa chuma wa usalama uliofungwa sehemu tofauti na ile ya nguzo.

Kompyuta yangu ina tundu la USB-C. Nimenunua adapta ya HDMI na haionyeshi kitu. Adapta ni mbovu? (Mwezeshaji wa mafunzo)

Inawezekana tundu lenyewe halipitishi picha. USB-C ni umbo tu la plagi. Kupitisha picha ni uwezo wa ziada ambao mtengenezaji huweka au haweki. Tafuta alama ya DisplayPort au ya radi kando ya tundu, au soma vipimo vya modeli yako. Kama uwezo huo haupo, adapta ya kawaida haitasaidia hata ukinunua tatu.

Spika za ukumbi wa mikutano zinavuma kwa sauti nzito mara tu tunapochomeka chaja ya kompyuta. Fundi amependekeza tukate mguu wa ethi wa plagi. (Katibu wa ofisi)

Dada, msimruhusu. Waya wa ethi ndio unaozuia mwili wa kifaa kumpiga mtu shoti siku hitilafu ikitokea, na spika zikivuma haziui.

Tatizo ni mzunguko wa ethi. Kompyuta na amplifaya zimefika kwenye ethi kwa njia mbili tofauti, na waya wa sauti umeziunganisha njia hizo. Tofauti ndogo ya volti kati yake hupitisha mkondo kwenye waya wa sauti, nanyi mnausikia kama mvumo wa hezi 50 au 60 kulingana na umeme wenu. Chomoeni chaja, kompyuta ibaki kwenye betri. Mvumo ukiondoka, mmelijua tatizo.

Jaribuni kwanza kulisha amplifaya na soketi za meza kutoka mzunguko mmoja wa umeme. Ikishindikana, wekeni transfoma ya kutenganisha sauti, ya uwiano wa 1:1, kwenye waya unaotoka kompyuta. Ni kijisanduku kidogo kisichohitaji umeme. Waya wa sauti pia usilale sambamba na wa umeme. Uachane nao sentimita 30, na pakiwa hakuna namna, upishane nao kwa pembe mraba.

Kwenye mikutano ya mtandaoni wenzetu wanalalamika kuwa wanasikia mwangwi wa sauti zao. Sisi hatusikii chochote. (Msimamizi wa mikutano)

Msioisikia ndio mnaoisababisha. Sauti yao inatoka kwenye spika zenu, inaingia kwenye maikrofoni zenu na kuwarudia. Programu ya mkutano huweza kuufuta mwangwi huo pale tu inapojua ni sauti gani hasa imepelekwa kwenye spika. Kompyuta mbili zikijiunga na mkutano mmoja chumbani humo, kila moja haijui spika ya mwenzake inasema nini. Basi iteueni moja iwe na spika na maikrofoni. Nyingine zizimwe vyote viwili, si maikrofoni pekee.

Chumba kikiwa na amplifaya na spika za dari, tumieni kichakata sauti chenye kufuta mwangwi, na sauti ya walio mbali ipite humo kama rejea. Maikrofoni nazo zisogezwe karibu na wasemaji: umbali ukiongezeka maradufu, sauti ya msemaji hupungua desibeli 6 hivi, huku ile ya spika ikibaki palepale.

Tuna spika 8 za dari na amplifaya ya volti 100, wati 60. Ikiwashwa, inajizima. (Fundi anayejifunza)

Kwenye mfumo wa volti 100 kila spika huwa na transfoma yake ya kuchagua wati. Jumlisha wati zilizochaguliwa kwenye transfoma ya kila spika. Spika 8 zikiwa kwenye wati 6 ni 48, na hiyo inaacha nafasi ya asilimia 20, ni sawa. Zikiwa kwenye wati 10 ni 80, na amplifaya imezidiwa.

Jumla ikiwa sawa, tafuta spika iliyounganishwa moja kwa moja bila transfoma. Spika ya omu 8 kwenye laini ya volti 100 inadai wati 1250, na hiyo moja inatosha kuizima amplifaya. Usitegemee mita ya kawaida ya omu, kwani hupima ukinzani wa nyuzi za transfoma tu na kukupa namba ndogo hata pale ambapo hakuna kosa. Kata laini katikati, washa nusu ya kwanza, kisha endelea kugawanya hadi spika yenye kosa ijitokeze. Amplifaya iwe imezimwa kila unaposhika waya.