Tiketi yangu iandikeni Augusta, kwa shingo upande

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: ukipewa tiketi ya bure ya mashindano yoyote makubwa ya michezo duniani, utachagua yapi na kwa nini? Najua wenzangu watakimbilia Kombe la Dunia. Mimi niliwahi kuwa kedi, mbeba begi la fimbo za gofu, kwa hiyo kwangu ni gofu tu. Na nilikaa kuandika ili kwanza niwaambie ni wapi siendi hata mkinilipia na hoteli: Masters, kwenye klabu ya gofu ya Augusta, Georgia, Marekani.

Sababu ninazo. Mashindano yale waliyaanzisha Bobby Jones na Clifford Roberts mwaka 1934, Horton Smith akashinda. Kwa miaka mingi mchezaji, hata awe bingwa wa aina gani, alilazimika kutumia kedi wa klabu ile, na makedi wale walikuwa Weusi. Mweusi kubeba begi, ruksa. Mweusi kucheza, subiri hadi 1975, alipoingia Lee Elder. Kabla yake Charlie Sifford, ambaye naye alikua akibeba mabegi, alishinda mashindano ya Hartford mwaka 1967 na ya Los Angeles mwaka 1969, na mwaliko wa Augusta haukumfikia maisha yake yote. Mwanachama Mweusi wa kwanza walimpokea mwaka 1990. Wanawake, 2012! Dada zangu mnaosoma hili, hesabuni wenyewe.

Jibu langu lilikuwa The Open ya Uingereza, iliyoanza Prestwick, Uskoti, mwaka 1860 kwa watu wanane tu waliokuwa wakiishi kwa gofu. Willie Park akamshinda Tom Morris, mtunza kiwanja wa palepale, kwa mikwaju miwili. Nao wana yao, msidhani. Mwaka 1920, The Open ilipochezwa Deal, Uingereza, wachezaji wa kulipwa hawakuruhusiwa kuingia ndani ya jengo la klabu, ndipo Mmarekani Walter Hagen akakodi gari la kifahari, akaliegesha mbele ya mlango wao na kulifanya chumba cha kubadilishia nguo. Huyo mtu ningemnunulia mbege.

Mtauliza makedi wananihusu nini kiasi hiki. Nilibeba mabegi wikiendi na likizo nikiwa mwanafunzi, kwenye kiwanja ambacho sitakitaja. Viwanja vya gofu kati ya Moshi na Arusha vinahesabika, na nikisema tu ni mlima upi unaonekana pale, mtajua. Basi niseme mlima. Kitu cha kwanza kedi anachofundishwa huku kwetu, kabla hajajua kutofautisha fimbo namba saba na namba tisa, ni kwamba kwenye grini, yaani pale penye nyasi fupi kuzunguka shimo, mpira unaukimbia mlima. Macho yatakwambia pameinama huku. Achana na macho, tafuta mlima uko wapi hata kama umejifunika.

Jumamosi moja ya masika, siku ya kombe, nilimbebea mzee mgeni kutoka Dar. Mpole, shikamoo ya mtoto anaiitikia kwa kusimama. Tulifika shimo la mwisho akitakiwa atumbukize kwa mkwaju mmoja, umbali wa hatua nne hivi. Akachuchumaa, akafumba jicho moja.

“Kijana, huu unakwenda kushoto.”

“Hapana mzee, unakwenda kulia.”

Mwenzake akacheka. Mzee hakucheka. Akaniuliza, “Mlima uko wapi?” maana mtu alishamdokeza habari hiyo. Nikamwonyesha kwa kidevu, nyuma ya mikaratusi, ambako kulikuwa na mawingu matupu. Akasimama, akayatazama mawingu muda mrefu, akarudi kuchuchumaa. Kedi wa mwenzake, kaka wa mtaani kwetu, akanikanyaga mguu: ukikosea, hela ya leo utaisikia kwa wenzako. Nikanyamaza, lakini neno langu sikulirudisha. Mzee akaulenga mpira kushoto ya shimo. Ulianza kwenda kama umepotea, yule kaka akaguna, halafu ukajipinda kulia taratibu na kuzama.

Zawadi zilitolewa barazani. Sisi mwisho wetu ulikuwa kwenye ua wa michongoma, tukisikiliza kipaza sauti. Mzee alilisimulia lile shimo la mwisho vizuri mno. Mikaratusi aliitaja, mawingu aliyataja. “Nikajiuliza, mlima uko wapi?” Makofi. Aliyemjibu hakuwemo kwenye hadithi. Baadaye alinifuata hadi uani, akanilipa mara mbili ya bei, soda na chapati juu, akanishika mkono. Hela nilipokea, chapati nilikula, jina langu sikulisikia.

Na hapo ndipo Augusta inanivuruga. Makedi wa kule nao walikuwa na elimu yao: kwenye grini zile mpira huvutwa kuelekea kijito cha Rae kinachopita kiwanjani, macho yaseme yasemavyo. Mmoja wao ni Carl Jackson, aliyebeba begi kwenye Masters kwa mara ya kwanza mwaka 1961 akiwa na miaka 14. Mwaka 1983 wachezaji waliporuhusiwa kuja na makedi wao, wengi wakawaacha wenyeji. Mchezaji Ben Crenshaw alibaki na Jackson, na mwaka uliofuata akashinda. Aprili 1995 Crenshaw alimzika mwalimu wake, Harvey Penick, Jumatano ya wiki ileile ya mashindano. Mchezo ulikuwa umemkimbia. Jackson akamwambia aweke mpira nyuma kidogo anaposimama, na mabega asiyazungushe sana. Crenshaw akashinda tena, akainama analia kwenye grini ya 18, Jackson akamshika. Na Crenshaw alipoulizwa, alisema waziwazi kwamba ni Carl aliyeona kasoro.

Koti la kijani, lile wanalovishwa washindi wa Masters, alivaa Crenshaw, najua. Jackson alibaki na ile ovaroli nyeupe ya makedi. Lakini jina lilitajwa, tena mahali pale ambapo nilikuwa nimeapa siendi, na sijui barazani kwetu lingetajwa lini.

Basi andikeni Augusta. Kwa masharti: iwe siku ya mazoezi, kwa sababu Jumapili yenyewe huwa naitazama kwenye king'amuzi hadi saa nane usiku na naona watu wanavyobanana. Kofia yenye nembo yao sinunui, hata mtoto wa dada aniagize. Aprili pia kwetu ni masika na njia ya nyumbani haipitiki, sijui nitatokaje. Ikishindikana, nipeni The Open, Julai. Kule, kwa ajili ya Hagen na gari lake, nakwenda bila sharti lolote.

Kedi wa zamani,
Moshi