Samaki akiugua, kwanza uliza maji yametoka wapi

Mwaka wa kwanza kufuga samaki, hapa Tudor, kisiwani Mombasa, niliua watatu kwa siku mbili. Niliwaua kwa usafi.

Walikuwa samaki dhahabu watano kwenye tangi la lita 90. Ilikuwa kaskazi, joto halishikiki, nikamwona mmoja ana vidoa vyeupe mapezini, kama aliyenyunyiziwa chumvi ya mezani, anajikwaruza kwenye changarawe. Nikaingiwa na kiherehere. Maji yote nje, tangi nikalisugua, sponji la filta nikalikamua chini ya mfereji mpaka likatoa maji meupe, kisha nikajaza maji ya mfereji papo hapo. Mama Salma akasifu, sebule leo haina shombo. Asubuhi wawili wameelea tumbo juu, na wa tatu akafuata usiku.

Vidoa haviui upesi namna ile. Klorini, dawa inayotiwa maji ya mfereji, ndiyo iliyowachoma matamvua, na lile sponji nililolitakatisha ndimo walimokuwa bakteria wanaoila amonia, sumu inayotoka kwenye taka za samaki, na kuigeuza kuwa kitu kisicho na makali. Niliwafukuza bakteria, amonia ikabaki. Sikuhizi sponji nalikamua ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, mara mbili tatu, basi. Likibaki na rangi ya chai, sawa.

Sasa hayo maji. Mfereji wetu hauji kila siku, kwa hiyo wengi tunanunua mitungi ya mkokoteni. Ukimuuliza kijana, "Haya ya wapi?" atakwambia ya mfereji, hata kama ameyateka kisimani dakika kumi zilizopita. Simlaumu, anatafuta riziki. Lakini kisiwa hiki kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya visima vyake huwa magumu, mengine yana chumvi, na pH yake (kipimo cha tindikali; ikipanda, tindikali imepungua) iko juu. pH ikipanda na joto likipanda, amonia ile ile kidogo inakuwa sumu kali zaidi. Mimi hujaza kikombe, naonja kwa ncha ya ulimi, halafu napiga sabuni. Povu likikataa, najua ni kisima. Kama samaki wako wamezoea maji ya kisima, waache nayo. Kinachowamaliza ni kubadilishiwa ghafla, hasa wakiwa wagonjwa.

Ya mfereji nayaacha kwenye pipa la wazi siku nzima, na jiwe la pampu ya hewa linatokota ndani, klorini ipae. Ikiwa maji yametiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hiyo haipai kwa kusubiri. Nunua matone ya kuiondoa kwenye duka la samaki na ufuate kipimo cha chupa. Mapipa yalipojaa ukumbini Mama Salma akauliza, "Baba Salma, kwani tunafuga samaki au tunafuga maji?" Sikuwa na jibu.

Samaki akiwa mgonjwa natoa robo ya maji kila siku, nikivuta uchafu wa chini kwa mpira, na narudisha maji yenye joto lile lile. Chakula nakipunguza, maana kinachobaki kinaoza na kuzidisha amonia.

Kuhusu vile vidoa: kidudu chake kikiiva kinadondoka chini, kinagawanyika, na watoto wake wanaogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa huwapata wakiwa wanaogelea tu, si wakiwa wamejificha chini ya ngozi. Kwa hiyo tibu tangi zima, na usiache siku vidoa vinapotoweka. Mimi huendelea wiki moja zaidi. Chumvi husaidia: naanza na kijiko cha chai kwa kila lita tano, naikoroga kwanza kwenye jagi, naimimina kidogo kidogo kwa siku nzima. Mimea ya majini haiipendi, wala jamii ya kambare.

Dawa ya buluu (methylene blue) ni habari nyingine. Ile huua bakteria wa filta pia, kwa hiyo mwenye kidonda au pezi linalooza namhamishia beseni la lita 20, lenye maji ya tangi na pampu yake ya hewa. Wavu wa beseni hauingii tangini. Na kama filta ina makaa maalum, yatoe kabla ya dawa yoyote, la sivyo yatainyonya yote na utadhani umeuziwa feki.

Kisha kuna stima. Maji ya joto hayashiki hewa nyingi, na pampu ikizimika saa nane za usiku, mgonjwa ndiye wa kwanza kupanda juu kuhema. Ninayo pampu ndogo ya betri. Kabla sijainunua nilikuwa nakaa na kikombe gizani, nachota na kumimina kutoka juu, nachota na kumimina, mpaka taa ziwake.