Samaki, plastiki na ujauzito

Dada, umeuliza kama uache samaki kwa kuwa una mimba na bahari imejaa plastiki. Mimi nisingeacha. Chembe za plastiki hujaa zaidi tumboni mwa samaki kuliko kwenye mnofu, kwa hiyo mpasue, toa matumbo yote, suuza mpaka maji yatoke safi. Chaza na kome ndio wa kupunguza, maana huliwa pamoja na utumbo wao. Kemikali kama PCB (sumu za viwandani zinazodumu baharini) ni habari nyingine: hujificha kwenye mafuta, na moto wa jikoni hauziharibu. Mtoe ngozi, mchome kwenye wavu mafuta yachuruzike. Halafu (hili wengi hulisahau) usipakue mchuzi wa moto kwenye kopo la plastiki. Bisfenoli, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya plastiki, huvuruga homoni, na joto huitoa upesi.