Binti yangu anakwepa mazoezi

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Binti yangu wa miaka 15 anakimbia mita 1500. Tangu baba yake aanze kumlipa kwa kila medali, asubuhi ya mazoezi tumbo linamuuma. Tumkazanie?
Mama, Arusha

JIBU: Marahaba, mama. Msimkazanie, nawasihi. Kwanza aonwe na daktari. Kisha baba asitishe malipo. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, aliwalipa wanafunzi watatue mafumbo. Malipo yalipokoma, hamu yao ilishuka. Baadaye yeye na Richard Ryan walitaja mahitaji matatu ya nafsi: kuwa na sauti katika unachofanya, kujiona unaweza, na kuwa na watu wanaokujali.

La kwanza ndilo naona vijana wetu wananyimwa zaidi. Mtoto anapangiwa kila kitu, hadi rangi ya raba! Mwacheni achague: Jumamosi akimbie vilimani au uwanjani? Akirudi kutoka mashindanoni, msianze na “umekuwa wa ngapi?” Mwulizeni mzunguko wa tatu, pale miguu inapokuwa mizito, aliukabili vipi. Na siku akiwa wa mwisho, baba ampokee kwa bashasha ileile ya siku ya medali.