Kila usiku tunaongea yale yale

SWALI: Nina miaka 21, nasoma mwaka wa pili chuoni, Morogoro. Naishi chumba kimoja na rafiki yangu hosteli. Tangu apate sapu mbili (mitihani ya kurudia) na mchumba wake amwache, kila usiku tunakaa kitandani kwake mpaka saa saba. Tunapitia meseji za yule kijana moja moja, tunajiuliza alikuwa na maana gani. Mwanzoni nilijiona namsaidia. Sasa hata mimi silali, nalia bila sababu, na darasani sishiki kitu. Nikijitoa ataona nimemtupa. Nifanyeje?

JIBU: Poleni, dada, wewe na mwenzako. Kumsikiliza hukukosea. Kinachowamaliza ni namna mnavyoongea: jambo moja, kila usiku, bila habari mpya na bila hatua yoyote inayoamuliwa.

Mwanasaikolojia Amanda Rose wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, alichapisha mwaka 2002 utafiti kuhusu mazungumzo ya aina hii. Marafiki wanaorudia matatizo pamoja walikuwa wameshibana zaidi, na papo hapo walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona na wasiwasi. Utafiti wa 2007, uliofuatilia wanafunzi wa shule kwa miezi 6, ulionyesha kuwa kwa wasichana vyote viwili vilizidi, ukaribu na huzuni. Mwaka uliofuata, vipimo vya wanawake marafiki walioongea hivyo vilionyesha kupanda kwa kotisoli, homoni ya msongo. Kwa hiyo usishangae kwamba hamwezi kuacha. Ule ukaribu ni wa kweli na mnaupata palepale. Maumivu yanakuja asubuhi.

Mtajuaje mmevuka mpaka? Sikiliza maswali yenu. "Ilikuwaje?" na "unajisikiaje?" ni maswali mazuri. "Unadhani alimaanisha nini?" halina jibu chumbani humo, kwa hiyo litaulizwa tena kesho. Dalili nyingine ni kwamba mmoja wenu akitaka kubadilisha mada, mwingine anamrudisha.

Msiache kuongea. Badilisheni saa na mpangilio. Mwambie mchana, msipokuwa na hasira wala usingizi: "Shoga yangu, sikukimbii. Tukikesha na haya wote wawili tunaamka vibaya zaidi. Tuyaongee jioni, usiku tulale." Ukimwambia usiku wa manane akiwa analia, atasikia neno moja tu, kwamba umechoka naye.

Jioni, kabla giza halijaingia, tokeni chumbani mtembee. Wekeni alamu ya simu dakika 30. Nusu ya kwanza ni yake, na wewe unasikiliza bila kutabiri ya yule kijana na bila kukimbilia "usijali, yatapita". Hilo "usijali" linaharibu kuliko watu wanavyofikiri: mtu ambaye hajasikilizwa anaanza hadithi upya, na mnarudi mwanzo.

Nusu ya pili mtumie daftari. Aorodheshe yanayomsumbua wiki hii, yote: sapu, kuachwa, deni la mgahawani, mama ambaye hajaambiwa. Achague moja tu, tena lile ambalo mkono wake unalifikia. Sapu inafikiwa, moyo wa aliyeondoka haufikiwi. Kisha aandike hatua moja ya kufanya kabla ya kesho jioni. "Nitasoma kwa bidii" siyo hatua. "Kesho saa nne nitakwenda kwa mwalimu wa takwimu anionyeshe nilipokosea" ni hatua, kwa sababu kesho jioni mtajua kama imefanyika au la. Mazungumzo ya siku ya pili yaanze na swali hilo. Kama hakwenda, msigombane. Ipunguzeni: amtafute kwanza mwanafunzi aliyefaulu somo hilo.

Njia ya kuchagua tatizo moja na kulifanyia kazi siyo ya kubuni. Ndiyo wanayotumia akina bibi waliofunzwa katika mpango wa Friendship Bench wa Zimbabwe, ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda mwaka 2006. Ilipojaribiwa katika kliniki za Harare, dalili za waliohudumiwa hivyo zilipungua kuliko za waliopata huduma ya kawaida, na matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Zile meseji azifiche kwenye kumbukumbu ya simu. Usimlazimishe kufuta, atamwomba mtu amtumie upya. Baada ya saa nne usiku, hakuna kulijadili jambo hilo, hata kwa vois noti. Tegemea wiki ya kwanza kuwa ngumu, maana mtakosa la kusema. Pikeni, fueni, angalieni tamthilia.

Sasa wewe mwenyewe. Mtu akikaa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, na huzuni nzito au kutofurahia chochote, pamoja na mambo kama usingizi kuvurugika, hamu ya kula kubadilika, uchovu, kujilaumu au kushindwa kutuliza akili, hilo linahitaji mtaalamu. Ulivyoandika, usisubiri wiki hizo ziishe. Nenda kwa mshauri nasaha wa chuo au kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, kwa ajili yako, siyo kwa niaba yake.

Akitamka kwamba afadhali afe, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa vidonge na sumu ya panya chumbani, na mwambie mlezi wa hosteli usiku huohuo hata kama alikuapisha.

SWALI: Sisi vijana wa stejini hatuongei matatizo kabisa, ni utani tu. Basi tuko salama? (Dereva wa boda, Nakuru)

JIBU: Hapana, kaka. Kunyamaza hakuondoi mawazo, mtu anayarudia peke yake. Katika utafiti ule wa 2007, wavulana walioongea matatizo walizidi kushibana bila huzuni yao kuongezeka, kwa hiyo nyinyi mna nafasi ya kuanza. Mwenzako akipunguza safari, akianza kunywa asubuhi au akikwepa kikao cha chama, mwite kando mkiwa wawili. Mbele ya steji nzima atakujibu kwa mzaha. Kwa dharura nchini Kenya, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haina malipo.